Waimbaji Watatu wa Stempu

...malaika wa tarumbeta akae juu, wachungaji chini yake, ukurasa huu ni wa nyimbo za Krismasi tupu, stempu ya kengele haina haki hapa, kengele hailingani na wimbo, taratibu na kibano nisije nikang'oa meno ya ukingo wa stempu, na hii mpya ndiyo niipendayo kuliko zote, waimbaji watatu vinywa wazi, chini yao nota ndogo kama sisimizi... baba watoto yuko mlangoni, mdomo unacheza, "...leo... au...?" nami, "Ehee," ehee huziba matundu mengi, si yote, juzi dukani jirani kanishika mkono, mama amefika, ndivyo nilivyosikia, nikachangamka, "Afadhali! Mwambie naja kumsalimia!" duka zima likanigeukia, kumbe amefariki, amefariki jamani, akauachia mkono wangu, hanisalimii tena, anadhani nilimdhihaki, nikajiambia bora anione mkorofi kuliko kiziwi, bora... lenzi iko wapi, hii hapa, nota ya kwanza inapanda, ya pili inatulia, hii ni sauti ya pili hasa, sauti yangu, naisikia nzima, inaingia kichwani bila kupita sikioni, Jumapili mwalimu wa kwaya akasema, "Mama, mbona unatutangulia?" wenzangu wakacheka, nikacheka nao, nikasingizia mafua, mafua gani ya miaka miwili... "Mama watoto!" hilo nimelipata, amepaza, "...kwaya... kesho...?" nikiitikia nitakuwa nimekubali nini, kwenda au kuacha, na hawa watatu mbona hawatazami karatasi, wa katikati anamtazama mwenzake mdomoni, ah, wanaingia pamoja kwa macho, nami kila Jumapili najificha mstari wa nyuma, nyuma ya yule mama mrefu, naona mgongo tu, mjinga mimi, ningesimama mbele ningemwona mwalimu anapovuta pumzi, lakini nafasi ya mbele haiombwi bila kutoa sababu, basi watajua, wajue, kwanza jirani, nitapiga hodi kwake, nitamwambia sikukucheka, sikukusikia, pole ya mama yako ninayo mpaka leo... baba watoto hajaondoka, nyusi juu, anangoja, sijui nitumie sauti kubwa au ndogo, asiyejisikia hupimaje, "Baba watoto," nasema, "sijasikia hata neno. Sogea hapa kwenye mwanga, nikuone mdomo."