Injini Iliyozibwa Pumzi

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Kama kuna anayedhani fundi wa kike lazima awe mpole, aje gerejini kwetu aulize. Lakini asubuhi ile nilinyamaza. Nilisimama kando ya gari la Mkunga, oili imenijaa hadi viwikoni, na mjomba wangu akanitangaza mbele ya wateja wanne kwamba sijui kufunga sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje.

"Mara ya tatu hii!" alipaza sauti, kidole kikinielekea. "Sili ya krenki nimempa, gasketi ya juu nimempa, sasa hata turbo inatema oili. Mkono wake umekuwa mzito. Gari hili likivuja tena, anaachana na injini, anahamia kaunta kuandika risiti."

Kaunta! Miaka kumi na moja nimelala chali chini ya magari ya watu, mgongo umezoea saruji kuliko godoro, leo niende nikaandike risiti?

Mkunga naye hakunihurumia, na sikumlaumu. Gari lile ndilo linalomfikisha kwa akina mama wanaojifungulia nyumbani.

"Jana limetoa moshi wa bluu, likazima njiani," aliniambia. "Nimetembea kwa miguu na begi langu. Nafika, mtoto ameshatoka, amepokewa na jirani fundi cherehani. Ni Mungu tu. Dada yangu, kama kazi imekushinda si useme?"

"Haijanishinda."

"Basi ni nini?"

Nikainama kuitazama tena injini. Aliacha ufunguo, akasema atarudi saa kumi, akaondoka bila kuniangalia.

Sasa nieleze gereji yetu inavyoendeshwa, maana bila hilo hasira yangu itaonekana ya bure. Mjomba ana ugonjwa wa usafi. Watu humwita Mzee Sabuni, naye hulipokea jina hilo kwa kifua mbele. Gari likiingia, kabla fundi hajaligusa, yeye mwenyewe hufungua boneti, huchomoa mabomba ya hewa, huziba kila tundu kwa vizibo alivyochonga kutoka kandambili kuukuu, kisha huipiga injini sabuni na maji ya pampu hadi inang'aa. Wateja wanapenda. Wengine hupiga picha kabisa. Hakuna anayejiuliza: oili iliyovuja ikishaoshwa, fundi atajuaje ilianzia wapi? Oili ina njia yake. Hushuka, hupeperushwa na feni, hushika vumbi inapopita, na ule uchafu ukiufuatilia hukufikisha penye tatizo. Mjomba huufuta wote, kisha hunilaumu kwamba sioni.

Na mimi nilivumilia. Ni kaka wa mama yangu, ndiye aliyenishikisha spana ya kwanza, ningemwambia nini? Kwa hiyo nusu ya hasira ya siku ile niliielekeza kwangu mwenyewe.

Mkunga hajafika hata barabarani, Mjomba akaanza kuvuta mpira wa pampu. Nikaukanyaga.

"Leo haioshwi."

"Unasemaje?"

"Haioshwi, Mjomba. Kaunta nitaenda kama ni lazima, lakini kwanza niuone uchafu wake."

Mpiga rangi, ambaye hunyunyiza magari rangi upande wa pili wa ua na hana siku asiyokuwa na utani, akadakia: "Mzee, mwachie. Kukosa kuoga siku moja hakujaua mtu." Wateja wakacheka. Mjomba akautupa mpira chini, akaenda kuketi ofisini na kuacha mlango wazi ili anishuhudie nikiumbuka.

Nikaingiza kichwa chini ya boneti na taa mkononi. Oili ilikuwa imetoka kila mahali. Sili ya mbele, ile ya krenki, ilivuja, gasketi ya juu ilivuja, kifuniko cha kumwagia oili kilivuja, na kile kijiti cha kupimia kilikuwa kimechomoka chenyewe nusu. Hapo nikashtuka. Sili moja ikivuja, mlaumu fundi. Zikivuja zote kwa pamoja, kuna kitu ndani kinazisukuma.

Injini inapumua, jamani. Moto ukisukuma pistoni, gesi kidogo hupenya kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, na kushuka tumboni, kule oili inakokaa, na kwenye injini yenye turbo, feni inayoisukumia hewa kwa nguvu, gesi hiyo huwa nyingi zaidi. Inatakiwa itoke kwa bomba lake la kupumulia, irudi kwenye njia ya hewa, ikachomwe. Isipopata njia hujaa, na ikijaa huisukuma oili nje popote penye upenyo. Hata oili iliyopita kwenye turbo hushindwa kurudi chini, ikaponyokea pembeni na kuungua. Moshi wa bluu wa Mkunga ulitoka huko.

Nikawasha gari, nikafungua kifuniko cha kumwagia oili, nikafunika tundu kwa glavu ya mpira. Glavu ikavimba, vidole vyote vitano vikasimama wima.

"Inakusalimia!" alisema Mpiga rangi.

Glavu peke yake isingetosha kumshawishi Mjomba. Nikachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U na kuufunga kwenye ubao, nikautia maji yenye rangi, kisha ncha moja nikaichomeka kwenye tundu la kijiti. Injini yenye afya husogeza maji hayo kidogo tu. Hii iliyapandisha shubiri nzima, yakanimwagikia kiatuni.

Yalibaki mambo mawili: ama ringi zimekwisha, ama bomba la kupumulia limeziba. Nikapima mgandamizo wa silinda zote nne, zikatoa namba za injini kijana. Nikalichomoa lile bomba upande wa injini, nikawasha tena. Maji kwenye mpira yakatulia kimya. Basi nikalitoa bomba zima, nikaliweka mdomoni, nikapuliza hadi macho yakanitoka. Halikupitisha chochote. Nikaingiza waya uliopinda ncha, nikavuta, nikazungusha, nikavuta.

Kikadondoka kipande cha kandambili cha bluu, kimechongwa mviringo kwa ustadi.

Mpiga rangi aliacha kucheka. Mimi nilikuwa nahesabu nyuma. Wiki sita nyuma gari lile liliingia kwetu mara ya kwanza halivuji hata tone, limekuja kubadilishwa oili tu. Mjomba akaliosha. Wiki ile ile likaanza kuvuja.

Nikakiokota. Nilikwenda ofisini nikakiweka kizibo juu ya gazeti alilokuwa akisoma.

"Hiki chako?"

Alikigeuza kwa kidole. Kazi ya mkono wake anaijua. "Kilikuwa wapi?"

"Ndani ya bomba la kupumulia. Wiki sita."

Akainuka, akafunga mlango. "Sikiliza, mpwa wangu," alisema taratibu, "tumwambie zile sili zilikuwa feki, mambo yaishe. Sisi ni familia."

"Asubuhi hatukuwa familia?"

"Usikuze jambo."

"Nimekuza mimi? Umenivunjia heshima mbele ya watu kwa kosa la mkono wako, sasa ndiyo tunong'onezane?"

Akalikunja gazeti. Nikatoka. Nikasafisha njia za hewa, nikafunga bomba jipya, nikabadilisha sili ya mbele iliyokuwa imesukumwa nje, nikapangusa oili kwa vitambaa, nikaiacha injini iungurume saa nzima. Haikudondosha hata tone.

Saa kumi Mkunga akaingia. Mjomba alimwahi getini na tabasamu pana. "Limepona! Hizi sili za siku hizi bwana, viwanda vimeharibika..."

Nikamfuata, nikakunjua kiganja mbele ya Mkunga, kizibo kikiwa katikati. "Mjomba atakueleza hiki ni nini."

Mjomba alikitazama kizibo. Alimtazama Mpiga rangi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Kisha akasema maneno fulani yaliyoishia kifuani mwake.

"Sijakusikia, mzee," alisema Mkunga. "Asubuhi mbona hata walioko barabarani walikusikia?"

Basi akasema. Kwamba kizibo ni chake, kwamba alikisahau ndani wakati wa kuosha, kwamba sili nilizofunga hazikuwa na kosa. Mkunga akanishika mkono na oili yake yote, akaniomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Yeye nilimsamehe papo hapo.

"Haya," Mjomba aliniuliza, jasho likimtoka, "roho yako imetulia?"

"Haijatulia. Kaunta ulinipeleka kwa sauti. Nirudishe kwa sauti."

Nilidhani atanifukuza. Aliutazama ua wote, wateja wawili waliokuwa wakisubiri, Mpiga rangi, Mkunga, na akashindwa pa kujificha.

"Injini za gereji hii ni zake," alitangaza. "Na kuanzia leo haioshwi hata moja kabla yeye hajaiona."

Sikumshukuru. Alikuwa ananirudishia kilicho changu.