Kikohozi Ndani ya Kamera

Kikohozi kilisikika kwanza, kikavu, mara mbili, kikitoka ndani ya mkoba wa kamera. Roza Otuoma hakuinua macho. Alikuwa ameketi kwenye baraza ya hoteli moja ya ufukweni, nje kidogo ya Mwanza, akifunga ukingo wa kikapu cha mafunjo, na ukingo ukiuachia katikati hufumuka wote.

"Shemeji huyo," alisema Wilhelmina, akiendelea kumenya chungwa. "Hata kufa hakukumwachisha sigara."

"Mwache. Amechoka na safari."

Walikuwa manesi wa wodi moja hadi walipostaafu. Tangu hapo walizunguka kandokando ya ziwa, Roza akipiga picha, wote wawili wakisuka. Na katika kila picha ya maji alitokea Ojuok, mume wa Roza, fundi mitambo wa boti la mizigo lililozama. Pale Kigongo alikuwa nukta tu, mbali, kati ya mawimbi. Upande wa Magu alikuwa ameshafika penye matete, maji kiunoni. Roza hakulalamika, mandhari bila mtu humchosha mtazamaji.

Boti lilipozama, mwenye boti, Shigela, alikwenda mwenyewe hadi Rorya, nyumbani kwa Roza, kutoa taarifa: ziwa limekataa kumrudisha. Basi wazee wa Kijaluo wakafanya kama inavyofanywa mtu akipotelea majini. Walichuma tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu, wakalivisha sanda, wakalizika mahali pa Ojuok. Roza alinyoa nywele, akalililia tunda lile. Baadaye likaota mti, na kila Krismasi aliupogoa taratibu, kama anayemnyoa mume ndevu.

Sasa alipomaliza ukingo alitoa kamera, akapiga picha ya gati la hoteli, lenye nguzo nene za zege. Akatazama kwenye kioo cha kamera. Kikapu kikamdondoka.

Ojuok hakuwa majini. Alikuwa ndani ya nguzo ya kwanza, wima, ovaroli limefungwa vifungo vyote, zege limemjaa kinywani. Akakohoa. Vumbi la kijivu likatoka kwenye kamera, likatua magotini pa Roza.

Wilhelmina alilipangusa kwa kidole, akalinusa.

"Si sigara, dada. Ni saruji." Chungwa lilibaki mkononi mwake, likichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Shigela, ambaye siku hizi ndiye mwenye hoteli, alikuwa akipita meza hadi meza kusalimia wageni. Roza akamwonyesha kioo. Shigela alivaa miwani, akatazama bila haraka.

"Ndiye," alisema. "Vijana walimwokota ufukweni hapa. Hakuwa na jaketi la kuokolea maisha. Hakuna aliyekuwa nalo, sikuwa nimenunua. Maiti ya hivyo inauliza maswali, na siku ile tulikuwa tunamwaga zege la gati."

"Ulikaa kwenye mkeka wangu. Ukala ugali wa msibani, ukasema ni ziwa."

"Ziwa halipelekwi mahakamani, mama."

"Nipe mume wangu."

"Nikivunja nguzo ile, gati lote linalala. Na Jumamosi kuna harusi, maharusi wanashukia pale." Akamrudishia kamera kwa mikono miwili, kwa adabu. "Chai yenu iko njiani. Mtaweka tangawizi?"

Chai ikaja, ikapoa. Mwishowe Roza aliokota kikapu, akaufumua ukingo wote, akashuka hadi kwenye nguzo ya kwanza. Akaizungushia ukanda mmoja wa funjo, akaukata penye kipimo cha mabega ya Ojuok, kama anayepima kaburi. Wasichana wa hoteli, waliokuwa wakifunga maputo ya harusi, walimwamkia shikamoo, wakaisogeza ngazi yao kando apite.

Ndani ya nguzo kikohozi kikasikika.

"Nimekusikia," alisema Roza, mdomo karibu na zege. "Nakwenda nyumbani kumng'oa yule aliyelala mahali pako. Shimo litabaki wazi, Ojuok. Nitakaa pembeni yake nikisuka, mpaka uje."