Uso wa Mwanangu Kwenye Bango

Kazi yangu ni kutundika mabango. Tajiri ananipa turubai limekunjwa, ananiambia wapi, napanda ngazi, nafunga. Lililoandikwa si langu.

La mchana ule lilikuwa la klabu ya makasia, la kutundikwa kwenye lango la chuo anachosoma mwanangu. Nikafunga kona ya kwanza, nikaliachia likakunjuka. Vijana wamepangana ndani ya mtumbwi, wote Wazungu isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikaa mbele kabisa, kasia mkononi, meno yote nje. Mwanangu.

Nusura nianguke. Mtoto hakuwahi kunitajia makasia. Alichoniambia ni kwamba jioni ile Umoja wa Wanafunzi Weusi ungepiga kura ya kumwingiza kwenye kamati. Mwenyekiti wake ni binti wa dada yangu. Na Umoja na klabu ile ni paka na panya, tangu klabu ilipowakataa weusi kadhaa, eti hawafai majini.

Nikampigia simu. "Njoo langoni. Mbio!"

Mpwa wangu akamtangulia, na wenzake nyuma yake. Akatazama juu, akakunja uso.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Hilo lishushe."

"Nilishushe vipi, na ndiyo kazi niliyotumwa?"

"Basi mwambie mwanao kura asahau. Kamati yetu haiweki pambo la Wazungu."

Hapo akatoka nahodha wa klabu, kijana mrefu aliyevaa koti la klabu. "Fundi, mbona kona moja tu? Wageni wanaingia!" Hakujua mimi ni baba wa nani. Kwake nilikuwa ngazi yenye miguu.

Mwanangu akafika anahema. Akaliona bango. Nilitegemea awake moto, lakini akainamisha kichwa. Nikajua.

"Ulikubali?" nikamuuliza kutoka juu.

"Picha nilikubali, baba. Wakaniambia nikae mbele. Tangu siku hiyo, kila nikienda mazoezini naambiwa mtumbwi umejaa."

"Si nilikwambia?" mpwa wangu akadakia. "Kwao wewe ni ua la mezani."

"Najua, dada. Lakini napenda kupiga makasia."

Wenzake wakacheka. Mpwa wangu hakucheka. "Chagua. Njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi alikuwa na njaa, dada. Mimi nimeshiba maneno ya watu." Akanigeukia. "Baba, shuka. Nipe kisu."

"Tajiri atanifukuza."

"Nitakwenda nawe, nimwambie ni mimi."

Nikashuka. Sijui kwa nini nilimpa. Akapanda, akalivuta turubai, akaanza kukata kuuzunguka uso wake.

"Wewe!" nahodha akapiga kelele. "Hiyo mali ya klabu!"

"Bango lenu. Uso wangu."

Akashuka na kipande chake, akasimama mbele ya nahodha, pua kwa pua. "Kesho asubuhi niko mtoni. Mtumbwi ukiwa umejaa, nitakaa humo humo mpaka mmoja ashuke."

Nahodha akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilikuwa nimekunja ngumi bila kujijua.

"Na leo jioni nitakuja kwenye kura," mwanangu akamwambia dada yake. "Mkininyima kamati, nitakaa viti vya nyuma. Kwenye Umoja sitoki."

Mpwa wangu akasonya. "Tutaona," akasema, akaondoka na watu wake. Mimi hata hakuniaga. Nahodha naye akarudi ndani, simu sikioni, na nilijua anampigia tajiri wangu.

Tukabaki wawili.

"Umekasirika, baba?"

"Sana. Shika ngazi."

Nikapanda kufunga kona ya pili, maana niliambiwa nilitundike, na hakuna aliyeniambia lisiwe na tundu. Upepo ukapita pale palipokuwa na kichwa chake. Chini, yeye aliishika ngazi kwa mikono miwili, kipande cha turubai amekibana kwapani.