Soksi za Sajini

Wiki ya harusi ya binti yake Anyitike, Tupokigwe hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Mumewe Fanueli ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupaka chokaa chumba kipya cha wageni, na kuni zilikuwa bado hazijapasuliwa. Basi mbwa wao Sajini naye akachagua wiki hiyo hiyo kuanza kujitafuna miguu.

Si kujilamba tu. Alijilaza kibarazani, akaingiza meno katikati ya vidole, akatafuna chap, chap, chap, mpaka manyoya yakaloa na ngozi ikawa nyekundu.

"Ana njaa," alisema Fanueli. "Mmemsahau."

"Njaa ya kula miguu yake mwenyewe? Ana funza huyo."

Fanueli akamshika kichwa, Tupokigwe akapekua kidole baada ya kidole, sindano mkononi. Funza hakuna, mwiba hakuna. Fanueli akacheka, Tupokigwe akanuna. Kutwa nzima alimfokea mbwa kila aliposikia ile chap, chap, na mara moja alimrushia ndala.

Asubuhi iliyofuata Mwanahawa, muuza kanga wa mjini Mbeya, alileta nguo za bibi harusi. Siku zote alipiga hodi akiwa barabarani, maana Sajini alikuwa hamtaki, na yeye hakutaka mate ya mbwa yamguse. Leo alifika hadi kibarazani bila kubwekewa.

"Shoga, huyu ana nini? Hata kunifukuza hataki!"

"Anajila miguu. Tumetafuta funza mpaka tumechoka."

Mwanahawa alikusanya buibui lake, akainama kwa mbali. "Analala wapi?"

"Chumba kipya. Tangu kipakwe chokaa hatoki humo, anapenda ubaridi."

"Basi ni hiyo chokaa! Tulipopaka duka letu la Iringa niliikoroga kwa mikono. Iliniwasha, ikanipasua, nikawa najikuna mbele ya wateja kama nyani."

Tupokigwe akaingia chumbani kutazama. Chini ya kuta unga mweupe ulikuwa umejaa alama za miguu ya mbwa. Akaikumbuka ile ndala, akaona haya.

Mwanahawa akaongoza kazi bila kusogea. "Pangusa kwanza ile kavu kwa kitambaa. Sasa maji, mengi, usisugue! Mkaushe hata katikati ya vidole, unyevu ukibaki utamwasha upya." Kisha akatoa kichupa cha mafuta ya nazi mkobani.

Tupokigwe alipaka mguu wa kwanza. Sajini akayalamba mafuta yote na kungoja mengine.

"Hapo hatutafika," alisema Tupokigwe. Akaingia ndani, akarudi na soksi za kijivu, mpya kabisa, na nyingine kuukuu.

Fanueli aliporudi shambani alimkuta mbwa akitembea uani huku akinyanyua miguu juu kama yuko kwenye gwaride.

"Mama Anyitike, zile si soksi zangu za harusi?"

"Zilikuwa zako. Na chokaa je, ni ya nani?"

Fanueli alimtazama mbwa, akamtazama mkewe, akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni alifagia unga wote, akapiga deki, na Sajini akatandikiwa gunia nje.

Siku ya harusi wekundu ulikuwa umeisha kabisa. Fanueli alikwenda kanisani bila soksi, akivuta suruali ifike chini. Mezani mkwewe mpya, baba wa bwana harusi, Mzee Bartholomeo wa Kalenga, mtu mkavu ambaye tangu ateremke kwenye basi alikuwa amesema maneno machache tu, aliyaona yale mafundo ya miguu yakiwa wazi. Fanueli akamsimulia yote, na mwendo wa gwaride akauonyesha.

Mzee Bartholomeo akaweka kijiko chini. "Kumbe. Na wa kwangu anajitafuna, mwezi huu wote. Mke wangu anasema karogwa."

Tupokigwe akavuta kigoda chake karibu. "Funza mmemtazama, mzee?"

"Bado."

"Na kwenu analala wapi?"

Wakaanza kuzungumza, na chakula kikapoa.