Anwani ya Kudumu ya Twila

Ijulikane kwa watu wote, wa mabondeni na wa milimani, kwamba Chuo cha Jamii cha Tupper Fork humpokea kila mwenye kiu ya elimu, bila mtihani, bila mahojiano, bila kumuuliza baba yake ni nani. Mlango wake uko wazi daima. Kwa sasa umevimba kwa unyevu, kwa hiyo inabidi uupige kwa nyonga.

Dreama Stiltner aliupiga mara mbili, maana ni mwembamba. Ilikuwa asubuhi ya Agosti. Alikuwa bado na shati la kituo cha mafuta alikokesha akiuza kahawa, na mkononi alishika mkate wa soseji uliokwisha kupoa. Alitaka uuguzi. Alikuwa akiutaka tangu utotoni, alipokuwa akiwafunga bandeji kuku wa bibi yake ambao hawakuwa wagonjwa.

Bi. Arbogast wa dirisha la usajili alimpokea palepale, kwa sababu chuo humpokea kila mtu. Kisha akamweleza kwamba kupokewa chuoni ni jambo moja, na kuketi katika darasa la uuguzi ni jambo jingine. Viti ni vichache. Kilikuwa kimebaki kimoja, nacho hupewa mkazi wa kaunti aliyelala kwenye anwani moja mwaka mzima bila kuhama.

"Unalala wapi, mwanangu?"

"Inategemea."

Tangu mafuriko yaisombe nyumba yao, Dreama alikuwa amelala moteli, kisha kwenye kochi la binamu yake, kisha kwenye kochi la binamu mwingine aliyegombana na yule wa kwanza, na sasa kwenye gari nyuma ya kanisa la Wabaptisti. Kote huko ni ndani ya kaunti, ila si mahali pamoja.

"Utarudi ukishatulia," alisema Bi. Arbogast. "Haya, nani anafuata?"

Aliyefuata alikuwa Twila, dada yake Dreama, aliyekufa katika mafuriko yale. Alivaa gauni la bluu walilomzika nalo, miguu mitupu, na nywele zake zilikuwa zikidondosha maji sakafuni. Mwanafunzi aliyekuwa nyuma yake aliinua mkoba wake usilowe.

"Unalala wapi, mwanangu?"

"Makaburi ya Stiltner, kilima cha Pigeon. Sijawahi kuhama."

Bi. Arbogast alifurahi. Mkazi wa namna hiyo haji kila siku: hana mwenye nyumba wa kumfukuza, wala binamu wa kugombana naye. Akagonga muhuri.

Hapa tunasisitiza, kwa heshima zote, kwamba Dreama hakuona wivu.

Alimfuata Twila hadi uwanjani kwa nia ya kumpongeza.

"We Twila, tangu lini unapenda uuguzi? Si wewe uliyekuwa unazimia ukiona damu ya pua?"

"Siku hizi sizimii."

"Kitanda cha dirishani ulichukua wewe. Jina la bibi ulipewa wewe. Hata kufa ukawahi wewe, mama akalia mpaka akakauka, mimi nikiumwa ananitazama tu. Na hiki kiti nacho?"

"Nimechoka kulala, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani? Ulikufa na miaka ishirini. Mimi nina ishirini na mbili. Mkubwa ni mimi!"

"Basi shikamoo," alisema Twila, akaingia darasani.

Alifanya vizuri. Mikono yake ya baridi ilituliza homa kabla ya dawa, na wagonjwa wa mazoezi walimtaka yeye tu. Dreama alikuwa akisimama nje ya dirisha la darasa kila alipotoka kazini. Alikuwa akikagua kama kioo kina vumbi.

Siku moja Twila alifungua dirisha lile. "Kuna kiti kingine kimeachwa wazi. Kwani wewe huna anwani? Jina lako si lipo kando ya langu?"

Ni kweli. Alipomzika Twila, baba yao alinunua jiwe moja la familia nzima, kama wafanyavyo watu wa huko, akachongesha majina yote mapema, kila mtu na tarehe yake ya kuzaliwa, kisha mstari mdogo na nafasi tupu. Kila Mei, siku ya kupamba makaburi, Dreama huliosha jina lake mwenyewe kwa brashi na kuliwekea ua la plastiki, kisha huenda kula saladi ya viazi pamoja na wengine.

Alilipiga picha jiwe lile, akaipeleka kwenye dirisha la usajili.

Bi. Arbogast alivaa miwani. "Kilima cha Pigeon. Anwani nzuri, imara. Tatizo ni hapa, baada ya mstari. Tarehe ya kuhamia haijajazwa."

"Na ikijazwa?"

"Ikijazwa njoo, mwanangu. Njoo mchana, foleni huwa fupi."

Dreama alirudi kwenye gari. Twila alikuwa ameketi mbele, amevaa sare nyeupe, nywele zimekauka.

"Wamekubali?"

"Bado."

"Lete mkono, nina mtihani kesho."

Akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho, akahesabu mapigo.

"Mbona yanakwenda mbio hivi? Una wivu."

"Sina."

"Dreama, nimefundishwa kuhesabu."

Basi, tumeshikwa. Kile kioo hakikuwa na vumbi hata chembe. Alikuwa na wivu tangu kwenye foleni, na sisi tulijua. Mafuriko yaleyale yalimpa mmoja makazi na kumnyang'anya mwingine, na jioni ile, Twila alipoteremka garini na kuanza kupanda kilima, Dreama alimwonea wivu jinsi alivyokwenda bila kuuliza njia, kama mtu anayerudi kwao.