Kidonge Kilichokataa Kuyeyuka

Jumatano asubuhi Nasrin alitumbukiza kidonge kwenye mtungi wa kioo wenye maji ya vuguvugu, na kabla hajamaliza chai yake kilikuwa kimeshavimba, kimepasuka, kimekuwa uji. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Kidonge kile hakikutakiwa kuyeyuka upesi hivyo. Kilitengenezwa kwa mizizi ya porini ambayo wazee wa Bagamoyo huwapa kina mama ambao mifupa yao imeanza kudhoofika. Kazi ya Nasrin ilikuwa kuifanya dawa itoke kidogo kidogo kwa saa kumi na mbili, ili bibi aliyefunga akimeza wakati wa daku imfae mpaka kufuturu. Miaka miwili mizima alikuwa juu ya jambo hilo hilo. Vidonge vya kwanza, vya mizizi aliyoisaga mwenyewe, vilikaa majini kutwa bila wasiwasi. Hivi vya unga wa kununua, wapi!

Mkuu wa maabara, Dokta Polikarpo, alikuwa ameshasema. "Ijumaa ndiyo mwisho, Nasrin. Kikishindwa tena, kazi hii tunaifunga." Alisema kwa upole, na upole wa Polikarpo ni wa kuogopwa kuliko ukali wa wengine.

Nasrin akachota unga kidogo, akaudondoshea aidini ya kupimia wanga. Ukageuka bluu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi. Kwa maana nyingine, mle mlikuwa na wanga, na wanga ukipata maji huvimba na kukipasua kidonge. Ile mizizi haina wanga wa kiasi kile. Na aliyeuza unga ni Bi Mwanajuma, mdogo wake marehemu bibi yake, mtu anayeaminiwa mji mzima kwa dawa. Yaani Bibi anatuchakachulia? Nasrin aliona aibu hata kuliwaza.

Mchana alimkuta Bi Mwanajuma barazani kwake. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za mama, za kazi, za joto. Chai ikaja na visheti. Mtu mzima haulizwi anachanganyaje dawa yake, hiyo ni kumvunjia heshima, na ndiyo maana Nasrin hakuwahi kuuliza tangu mwanzo. Alikunywa macho yakiwa kwenye kikombe, mpaka mwisho akajitoa muhanga.

"Bibi, samahani. Ule unga unautia nini?"

"Unga wa mchele," alijibu Bi Mwanajuma bila kupepesa macho. "Dawa ile chungu kama shubiri, mwanangu. Wazee huitema. Wewe uliniambia ni ya wazee, nami wazee wangu nawalainishia hivyo miaka yote."

Kicheko kikampanda Nasrin bila ruhusa. "Bibi, hiki kinamezwa kizima. Ulimi haukionji."

"Sasa ungeniambia. Mimi nitajuaje mambo yenu ya mashine?"

Alasiri ile ile Bi Mwanajuma alimsagia unga wa mizizi mitupu. Alhamisi vidonge vikakandamizwa upya, na Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi kimoja kikaingia majini. Bi Mwanajuma naye akaingia maabara, akavuta kiti mbele ya mtungi. Alitoka kwa ajili ya sala tu. Nasrin alimbembeleza akapumzike nyumbani, akakataa katakata.

Kila saa Polikarpo alichota maji na kuyapima, na kila saa dawa ilikuwa imetoka kidogo tu, kama ilivyotakiwa. Saa kumi na mbili jioni mtungini kulikuwa kumebaki kipande chembamba, hakijapasuka. Polikarpo aliandika, akavua miwani. "Kazi inaendelea," akasema.

Nasrin akachuchumaa kando ya kiti cha Bibi, na lile lililomkaa kifuani tangu Jumatano likamtoka. "Nisamehe, Bibi. Nilidhani unatuibia."

"Nilijua," alisema Bi Mwanajuma. "Ulikunywa chai yangu hunitazami usoni. Hicho kidonge chenu kinanihusu nini mimi, kukikodolea macho kutwa? Nimekaa hapa kwa ajili ya jina langu."

Kisha akamshika kichwa, akakiegemeza mapajani mwake. Nasrin akalia palepale mbele ya mkuu wake, kwa raha, wala hakujali.