Kushuka Bangwe

Kila mwaka baridi ilipoanza kuuma Kasulu, Mzee Herman Ntahomvukiye na mkewe Febronia walishuka ziwani. Hawakupanda basi. Walikuwa na gari lao, Bedford ya zamani ambayo Herman aliiendesha miaka mingi akiwa dereva wa serikali, akipeleka vijijini sinema za elimu ya afya. Alipostaafu gari lilipigwa mnada, naye akalinunua. Pale palipokaa mashine ya sinema akaweka kitanda cha mninga. Akajenga kabati la vyombo, na jiko la mafuta ya taa akalifunga kwa mnyororo lisianguke kwenye makorongo. Febronia alishona mapazia.

Mtu mwingine angeimaliza njia ile kabla ya chakula cha mchana. Wao waliila kidogo kidogo. Walisimama walipotaka, Febronia akapika maharage kando ya barabara, Herman akatoa kiti na kusoma gazeti kwa sauti. Wanawake waliotoka shamba walizunguka gari na kuchungulia.

"Mama, hii ni nyumba au gari?"

"Ni nyumba," Febronia alijibu. "Ila mume wangu haiamini ardhi."

Nyumba yenyewe hasa ilikuwa Bangwe, vyumba vitatu na baraza inayotazama ziwa. Waliijenga kwa ajili ya kifua cha Febronia. Akikaa Kasulu miezi ya baridi alikohoa mpaka mbavu zikamuuma, na daktari alikwisha kusema kwamba baridi moja kali itamwondoa. Bangwe hakukohoa. Alikaa barazani akila samaki wa ziwani, migebuka wa kuchoma, na kuwacheka wapita njia.

Mwaka wa tisini na saba ilitoka amri kwamba wakimbizi wote walio nje ya kambi wakusanywe. Herman aliisoma gazetini, akalikunja gazeti.

"Inahusu wakimbizi," alisema.

"Na mimi je?"

"Wewe umekimbia nini? Wewe ni mke wangu."

"Nimezaliwa ng'ambo ya mpaka, Baba Pastory. Watu hawasahau. Juzi wamemchukua Leonia, mwenzangu wa huko, aliyezaa hapa na kuzikia hapa. Tungengoja kwanza."

"Kifua chako kitangoja? Tena tukijificha ndipo tutakapoonekana wakosaji. Nimeitumikia serikali maisha yangu yote, naijua. Mtu akieleza mambo yake vizuri, anasikilizwa."

Kueleza mambo vizuri ndiko alikokuwa akikuamini. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, kisha akajifunza upya ukubwani, katika masomo ya jioni, baada ya kazi, mikono ikinuka dizeli. Alikitengeneza Kiswahili chake mpaka maofisa wakadhani ametoka pwani. Hakupenda mtu amchanganyie na Kiha, lugha ya kwao.

Wakaondoka. Walilala chini ya mlima, wakalala tena karibu na Kidahwe, ambako hewa ilianza kuwa ya vuguvugu na Febronia akavua sweta lake akalitundika msumarini. Asubuhi yake wakafika Mwandiga, wakakuta gogo limelazwa barabarani. Pembeni palikuwa na lori lenye watu waliokaa juu ya mafurushi yao.

Mgambo aliyesimama kwenye gogo alikuwa Hamdani, jirani yao wa Bangwe.

"Shikamoo mzee! Shikamoo mama! Mmeshuka na jumba lenu!"

"Marahaba."

"Mama, migebuka wa mwaka huu wamenona mpaka wanajikaanga wenyewe."

"Hivyo ulivyonenepa, umetubakishia?" Febronia alisema.

Hamdani alicheka, akatazama nyuma yake, kisha akaingiza kichwa dirishani na kunong'ona kwa Kiha. "Afande anakuja. Mwambieni kwamba mama kazaliwa Heru Juu, kule Kasulu. Basi. Hakuna atakayekwenda huko kuuliza."

Herman alizima injini.

"Hamdani," alisema kwa sauti ya kusikika, "zungumza nami kwa Kiswahili, na usinifundishe uongo."

"Mzee, polepole..."

"Nina umri wa baba yako. Sijawahi kumdanganya mtu wa serikali, na sitaanza leo, hapa, kwenye gogo."

Afande alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye adabu. Aliwasalimia wote wawili, akasifia mapazia. Kisha akauliza, "Mama yetu amezaliwa wapi?"

Febronia alifungua mdomo. Herman akamtangulia.

"Makamba, Burundi. Alivuka akiwa mgongoni mwa mama yake, kabla ya uhuru wa nchi hii. Nimemwoa kanisani. Amenizalia watoto watano, wote raia. Hayo ndiyo maelezo kamili, afande." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayefunga mjadala.

Hamdani aliinamisha macho.

"Ana hati ya uraia?"

"Ana mume."

"Mzee wangu," afande alisema, na ilionekana kwamba hakufurahia kazi yake, "mume si hati. Mama, naomba ushuke."

Herman alieleza. Alieleza tangu mwanzo, kwa mpangilio, akitaja miaka na vituo vyote vya kazi. Afande alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaonyesha askari lori. Febronia alikuwa amekwisha kushuka, na askari wawili walikuwa wakimsaidia kupanda.

"Kumbe mimi ni mkimbizi!" alisema akiwa juu, akitafuta pa kukaa. "Miaka yote hii nimekimbilia wapi? Jikoni na kurudi?"

Watu wa lorini wakacheka. Herman naye akashika ubao wa lori, akaweka mguu juu ya gurudumu.

"Hapana, mzee," afande alisema. "Lori ni la wakimbizi. Wewe ni raia."

"Mama Pastory, nakwenda mjini, ofisini!" Herman alipiga kelele lori likigeuka. "Watanisikiliza!"

Sweta lilikuwa bado msumarini.

Mjini hakuna aliyemfukuza. Walimpa kiti, wakamwita mzee wetu, wakamwambia bosi amesafiri. Alilala garini nje ya ofisi. Kwenda kuifungua nyumba ya Bangwe peke yake kulimshinda. Bosi aliporudi alimweleza kwamba mambo yote ya namna ile yanashughulikiwa kambini. Herman akapanda tena barabara ile ile, na safari hii hakusimama popote isipokuwa kutia maji kwenye rejeta.

Kambi ilikuwa huko huko juu kwenye baridi waliyoikimbia. Upepo ulipiga mahema ya nailoni usiku na mchana. Alimkuta Febronia amejifunga blanketi jembamba la msaada, na kabla hajamwona alimsikia akikohoa.

Walikwenda pamoja kwenye meza ya kuandikisha. Karani alikuwa kijana Mrundi, Niyokwizera, mkimbizi mwenyewe.

"Atatoka lini?" Herman aliuliza.

"Kutoka hapa ni kurudi Burundi, mzee."

"Na mimi nikitaka kukaa naye?"

"Wanaokaa ni wakimbizi."

Nyuma yao watu walianza kunung'unika. Herman akavua kofia.

"Basi niandike na mimi."

"Jina?"

"Herman Ntahomvukiye."

"Jina linafaa, kwetu maana yake ni 'sina nilikotoka'," karani alisema, akatabasamu. "Umezaliwa wapi?"

"Makamba," alisema.

"Mzee! Kiswahili hicho ni cha redioni, si cha Makamba." Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Lakini karani hakuiweka kalamu chini. Labda alimhurumia, labda alikuwa amechoka tu. Akainama mbele. "Sawa, si kazi yangu kubishana. Nitajie kilima. Kila Mrundi ana kilima chake alikotoka. Ukikitaja, nakuandika na mkeo, mnakwenda zenu hemani."

Herman hakuwa na kilima cha kutaja. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu tangu ujana wao, alijua anavyopenda chai yake na upande gani wa kitanda anaolala, na hakuwahi kumuuliza kwao ni wapi. Makamba ilikuwa imemtosha.

Akageuka kumtazama mkewe. Febronia alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Kilima cha kwao alikijua; mama yake alikuwa akikitaja mpaka siku alipokufa. Febronia alimtazama mumewe usoni, akakaza blanketi mabegani, akanyamaza.

"Anayefuata," karani alisema.

Walitembea mpaka getini. Herman akafungua mlango wa nyuma wa gari, akamtolea sweta, kisha blanketi zote, kisha akaanza kulivuta godoro.

"Ungesema," alisema akiwa bado ameinama. "Neno moja tu, Mama Pastory. Tungekuwa pamoja."

"Hapa? Ili tuzikane hapa?" Kikohozi kilimkata, akangoja kipite. "Hukuniuliza. Kule Mwandiga pia hukuniuliza. Mimi ningesema Heru Juu, Baba Pastory. Ningesema haraka sana."

"Ungekuwa uongo."

"Leo ningekuwa barazani kwangu."

Vijana wawili walilichukua godoro kichwani. Febronia akawafuata.

"Nenda Bangwe," alisema bila kugeuka. "Nyumba ikikaa tupu wataingia watu."

Herman alikaa juu ya mbao za kitanda akimtazama mpaka akapotea katikati ya mahema, kisha akaendelea kukaa. Jua lilipokuwa linazama, mlinzi wa geti alikuja, akagonga bodi la gari kwa fimbo, akamwambia kwa heshima zote kwamba pale haparuhusiwi kuegesha.